Lazarus Were na Ngoma Isiyopenda Ukungu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya Julai katika miaka ya hamsini, ukungu bado umelalia paa za katikati ya jiji. Ndani ya ukumbi, Lazarus Were amepiga magoti kando ya ngoma ya shaba, kubwa kama sufuria ya harusi. Anaibonyeza ngozi kwa kidole gumba. Imelegea.

Saa kumi alasiri okestra itapiga hapa muziki wa dansi uliotungwa karne hii, na kipande cha mwisho kinategemea ngoma hiyo. Mpigaji wake, Bwana Pringle, amekaza skrubu zote mpaka mwisho. Bado inalia kama godoro.

Lazarus anawasha jiko la makaa.

"Mzee, leo unatuchomea nyama?" anauliza Jamleck, mfagiaji anayekuja kwa miguu kutoka Waithaka.

"Leta chumvi," Lazarus anamjibu bila kugeuka.

Bwana Pringle hacheki. "Wewe nataka choma ngoma yangu?"

Msimamizi wa ukumbi anaongeza lake: hakuna ngozi nyingine. Hii ikipasuka, Lazarus asirudi Jumatatu.

Lazarus ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka tisa amepanga viti hapa, kwa mshahara ambao sasa ni shilingi mia na kumi kwa mwezi. Yeye na mkewe Nakhumicha, anayefua nguo za watu mtaa wa Woodley, wanasomesha watoto watatu.

"Ningeweza kunyamaza," anasema. "Lakini kwetu Butere baba alikuwa mpiga ngoma. Siku za mvua aliiotesha moto kwanza, kama mgeni aliyelowa."

Kipimo chake ni kiganja, anachokiweka kati ya makaa na ngozi. "Mkono ukikataa, ngozi nayo imekataa." Hapo husogeza jiko, hungoja, hulirudisha.

Saa sita Bwana Pringle anapiga mara moja. Anasikiliza. Anapiga tena, kisha analegeza skrubu moja. Anakwenda kuleta ngoma ya pili na kuiweka mbele ya Lazarus.

Alasiri, Lazarus amesimama nyuma ya pazia. Kipande cha mwisho kinaanza. Mapigo yanavunjika pale tu unapodhani umeyashika. Mguu wake unafuata, unakosea, unafuata tena. Kiganja chake kiko wazi, kana kwamba makaa yangali mbele yake.

Ngozi inashika mpaka pigo la mwisho.

Makofi yakiendelea, msimamizi anapita. "Jumatatu uje saa moja. Kuna viti vya kupanga."

"Ndiyo, bwana."

Viti ni mia tatu na ishirini, na hajawahi kukalia hata kimoja muziki ukipigwa. Jumatatu ataomba ruhusa ya kukalia kimoja kwenye tamasha la Septemba. Nakhumicha amemwonya asije akakoroma mbele za watu.

Kiti ameshakichagua: cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Mguu mmoja wa kiti hicho ulivunjika mwaka jana, na Lazarus akautengeneza mwenyewe.

"Kile," anasema, "najua kitanibeba."