Nyota ya Pili Niliyoizua Bashay

Nimewahi kupigwa na umeme mbele ya wateja, nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya kanisa wakati watu wanatoka ibadani, na hayo nayasimulia mwenyewe nikicheka. Hili la ramani ya gesi husimuliwa na wengine, nami huaga mapema. Leo nalieleza kwa mpangilio wake, maana wanaolisimulia wanasema niliponzwa na kuku, na si kweli. Kuku walifanya kazi yao, aliyedanganya ni mimi.

Mimi ni fundi redio hapa Bashay, elimu yangu kidato cha nne, umri umeshapita arobaini na tano. Mambo ya anga nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kompyuta ya sekondari ya kata, ambayo mkuu wa shule alinifungulia kila Jumamosi kwa hisani yake tu. Kwa miaka miwili nilifuatilia kitu kimoja. Nyota ya aina ya jua letu ikizeeka hutupa matabaka yake ya nje, ikabaki ndogo na kali katikati ya wingu la gesi (wataalamu huliita nebula ya sayari, ingawa halihusiani na sayari yoyote, ni jina la zamani lililoachwa hivyo hivyo). Mwanga mkali wa nyota hiyo huvunja molekuli, kwa hiyo kwenye wingu lililozeeka ungetegemea zisibaki, lakini darubini za redio, yale masahani makubwa, bado huzikuta. Sahani inaelekezwa sehemu moja ya wingu, inapima, inasogezwa kidogo, inapima tena, na baadhi ya vipimo huwekwa kwenye mtandao kwa yeyote anayevitaka. Nilichukua vya wingu moja nikavinakili kwenye daftari, namba baada ya namba.

Siku hiyo bodi ya shule ilikuwa inaamua jambo langu: ama nipewe ufunguo wa chumba cha kompyuta nianzishe klabu ya anga, ama nisiingie tena. Mjumbe mmoja, Mzee Tluway, mwalimu mstaafu wa fizikia, alikuwa ameuliza kwa nini mtu asiye na cheti anaachiwa mali ya shule. Lilikuwa swali la haki, na nilitaka kulijibu kwa kazi, si kwa maneno.

Printa haikuwa na wino. Basi nikatandika turubai nyuma ya madarasa, nikachora miraba kwa chaki, kumi na tano kwa kumi na tano, na kila mraba nikauwekea punje za mahindi kwa kadiri ya gesi iliyopimwa: tano penye nyingi, moja penye kidogo, na pasipo na gesi nikaacha wazi. Ilinichukua asubuhi nzima, magoti yakafa ganzi, lakini pete ikatokea. Hapo akapita mjomba wa mke wangu, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za ng'ombe, na mzee wa heshima ile humwachi aondoke peke yake, nikamsindikiza, na kwa kuwa njia ilikuwa moja nikafika hadi kwangu, nikabadili shati, nikaacha daftari mezani. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi.

Niliporudi bodi ilikuwa inatoka ofisini kuja kwangu. Pete ilikuwa imefunguka upande wa mashariki, miraba kama ishirini mitupu, na kwenye mmojawapo kulikuwa na kinyesi kibichi cha kuku. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: kuku wamekula mahindi. Badala yake nilikifuta kile kinyesi kwa soli ya kiatu. (Nilijiambia namba za mashariki zilikuwa hafifu hata hivyo. Hazikuwa hafifu.)

Mzee Tluway aliitikia salamu yangu, akazunguka turubai taratibu, mikono nyuma.

"Hapa katikati ni patupu kwa nini, fundi?"

"Gesi ilishasukumwa nje, mzee."

"Na hapa?" Fimbo yake ikaonyesha mashariki.

"Hapo mwanga wa nyota umezivunja molekuli."

"Upande huu tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Nyota si iko katikati? Taa ukiitundika katikati ya chumba, inamulika ukuta mmoja?"

Jasho lilinishuka mgongoni ndani ya shati safi. Wajumbe wote walikuwa wananitazama, na mkuu wa shule, aliyenitetea kwa miaka miwili, alikuwa ameacha kutabasamu.

"Inawezekana," nikasema, "kuna nyota ya pili, upande huu, ambayo haionekani kirahisi."

Mzee akavaa miwani, akachuchumaa kwa shida, akakaa hapo muda mrefu akiitazama ile miraba.

"Nimefundisha fizikia maisha yangu yote," akasema, "sijaonyeshwa kitu kama hiki na mtu wa hapa kwetu. Nilikukosea, mwanangu."

Ningeweza kusema hapo. Mkuu wa shule akamwambia karani aiandike nyota ya pili kwenye muhtasari, akatoa simu, akapiga picha aitume wilayani.

"Tusubiri kwanza, mkuu," nikasema.

"Acha aibu, fundi. Watu wajue."

Ndipo akaja Mama Yustina, mpishi wa shule, na chupa ya chai.

"Fundi, unisamehe," akasema akipanga vikombe. "Wale kuku wangu nimewafukuza mara mbili. Upande huu walishamaliza, ule mwingine ndio niliouwahi."

Kidole cha mkuu wa shule kikabaki hewani juu ya simu. Kisha mama mwenyekiti wa bodi akasema polepole, "Kumbe nyota ya pili ina manyoya," na wote wakacheka, hata karani, isipokuwa Mzee Tluway. Yeye alishika mkono wangu ili ainuke.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee. Niliona kinyesi nikakifuta."

"Namba ziko wapi?"

"Nyumbani."

"Kalete."

Nilikimbia njia nzima, wao wakinywa chai. Niliporudi nilipiga magoti, Mama Yustina akaniletea bakuli la mahindi, na mzee akasoma daftari kwa sauti, mraba kwa mraba: mbili, nne, tano, tano, tatu. Pete ikafunga. Hapakuwa na pengo wala nyota ya pili. Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Daftari lako ni safi kuliko mengi niliyosahihisha," akasema akilifunga. "Ndiyo maana ufunguo sikupi. Asiyejua ningemfundisha. Wewe ulijua."

Bodi ikaamua hivyo: klabu iwe chini ya mwalimu wa shule, nami niingie akiwepo yeye. Ninaingia mpaka leo, nakaa kiti cha nyuma, na wanafunzi wananiita Nyota ya Pili wakidhani sisikii.

Kosa la ramani yenyewe nimelirekebisha. Niliichora hivi kwamba mraba uliopimwa ukakutwa hauna gesi, na mraba nisiojua kilichomo, yote miwili ilionekana sawa. Siku hizi penye sifuri naweka haragwe moja kavu (kuku hawaligusi, nimejaribu). Na mraba mtupu nikiulizwa, nasema sijui, hata kama anayeuliza ni mtu mkubwa, hata kama jibu zuri limeshanifika mdomoni.