Mzizi Aliouchemsha Mama

Tak Myeong-ju alisomea ufamasia mjini Daegu, Korea Kusini, kwa sababu ya baba yake, aliyekufa kwa ugonjwa wa ini yeye akiwa sekondari. Mama yake aliuza dawa za mitishamba sokoni, na kwa miezi minane alimchemshia mumewe mzizi fulani kila asubuhi, akiamini ulimwongezea siku.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kemia na kukariri. Alipofikia utafiti, Myeong-ju aliuchagua mzizi ule ule, athibitishe kwamba mama hakukosea. Maabara, seli za ini alizozitilia maji ya mzizi huo zikafa.

"Rudia," Profesa Pyo, msimamizi wake, akamwambia.

Akarudia mara tatu. Zikafa zote.

Angeweza kunyamaza, lakini mama bado aliuuza mzizi ule sokoni na watu walinunua. Jumapili akaenda nyumbani, wakala supu ya maharage, kisha akamweleza mama yake.

Mama akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo ni mimi."

"Mama, ini lilikuwa limeshaharibika."

"Sijakuuliza hayo. Nilimsaidia au nilimmaliza?"

"Sijui. Seli si mtu, mama. Ila usiuuze tena."

"Miaka yote hii nakusomesha, halafu unakuja kuniambia hujui."

Siku ile ile mama aliburuta gunia zima la mzizi ule hadi jalalani. Kwenye mahafali hakuja. Utafiti ulisifiwa sana, na Myeong-ju akapiga picha na Profesa Pyo. Siku hizi akipiga simu nyumbani, mama humuuliza kama amekula, kisha hukata.