Dunia Haiji Kliniki Kwetu

Dada yangu nyumbani tunamwita Umejuaje. Ukimwambia chakula kimeiva, anauliza umejuaje, halafu anafunua sufuria mwenyewe. Mchumba wake wa kwanza alimwambia anampenda. Aliulizwa nini, mnaweza kukisia. Yule bwana bado anatafuta jibu huko aliko.

Kwa tabia hiyo, ilikuwa ama awe askari ama afanye kazi ya kompyuta. Leo ndiye fundi wa tovuti ya hospitali, ile ambayo wajawazito huitumia kuweka miadi ya kliniki kwa simu badala ya kudamka gizani kuwahi foleni. Ofisi yake ni chumba nyuma ya duka la dawa la hospitali, chenye feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza.

Mwaka jana meneja wake akataka tovuti ijengwe upya: picha zinazoteleza, rangi zinazobadilika, mbwembwe zote. Shida ni kwamba mbwembwe hizo zilihitaji kivinjari kipya, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Simu yenye kivinjari cha zamani ingeonyesha ukurasa mweupe kama shuka la wodini, na mwenye simu angerudi kwenye foleni ya alfajiri.

"Vivinjari vya zamani vimekufa," meneja alisema. "Takwimu za dunia zinasema hivyo. Hata kihesabio chetu cha wageni kinasema hivyo."

"Umejuaje kwamba kihesabio kinasema kweli?"

"Dada, lete ushahidi kwenye kikao cha Ijumaa. Usipouleta, tunajenga."

Dada akakichambua kile kihesabio mpaka kikaumbuka. Kumbe kenyewe ni kaprogramu kanakoamka kwenye vivinjari vipya tu. Kwenye vya zamani ukurasa unafunguka vizuri, lakini kenyewe kamelala fofofo. "Ni kama mlinzi anayehesabu wageni wa mlango wa mbele," aliniambia, "halafu anaapa mlango wa nyuma haupitwi na mtu."

Akahamia kwenye seva, mashine inayoandika kila anayebisha hodi. Huko vivinjari vya zamani vilijaa tele. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye akasema baadhi ya wabisha hodi ni roboti za mtandaoni zinazojipachika majina ya uongo, kwa hiyo lazima aone simu zenyewe kwa macho. Ndipo akanikokota kwenye mabenchi ya kliniki nikamsaidie kuuliza.

"Mama, shikamoo. Unatumia nini kuingia mtandaoni?"

"Marahaba. Kidole," akajibu. "Kwani wewe mwenzetu unatumia nini?"

Benchi zima likaangua kicheko. Dada akanisukuma pembeni.

"Watu hawaulizwi hivyo wewe. Simu ndiyo inaulizwa."

Alikuwa ametengeneza ukurasa mdogo: mama anaufungua, nao unataja wenyewe kivinjari kilichoufungua. Akawapitia mmoja mmoja, benchi kwa benchi. Waliokuja bila miadi ya simu hakuwaingiza kwenye hesabu, ingawa wengi wao walikuwa na simu kuukuu.

"Si wangekusaidia kushinda?" nikamuuliza.

"Ndiyo maana siwataki."

Hapo, jamani, ndipo nilipojua nimezaliwa tumbo moja na mtu.

Ijumaa kikaoni akawaambia: karibu robo ya wanaoweka miadi wanatumia vivinjari vya zamani. Seva, baada ya kuondoa roboti, ilikubaliana na mabenchi.

"Robo?" meneja akaruka. "Mbona dunia nzima—"

"Dunia haiji kliniki kwetu, bosi. Wanaokuja ni hawa."

Meneja si mtu wa kushindwa kirahisi. Akauliza kuhusu roboti. Akauliza kama hawakuokota foleni ya wenye simu mbovu tu. Kila alikobisha alikuta dada ameshapita na kufunga. Mwisho akaegemea kiti.

"Haya. Jenga nyepesi, ifunguke kwa wote. Na mbwembwe zangu?"

"Nitakuachia rangi moja."

Tovuti mpya ilipoanza kazi nilienda kukaa kwenye mabenchi yale, bila kutumwa na mtu. Pembeni yangu mama mmoja aliitoa simu yenye kioo kilichopasuka na kuanza kuweka miadi ya mwezi ujao. Ukurasa ukafunguka.

"Aliyejenga hiyo ni dada yangu," nikamwambia.

Hata macho hakuinua. Alikuwa anachagua saa.