Chura Kwenye Siti ya Placidia

Asubuhi hiyo nilifungua mlango wa kushoto wa gari langu, nikamkuta chura amekaa kwenye siti ya mke wangu.

Hakushtuka. Aliniangalia kama abiria aliyechoka kumsubiri dereva.

Anayebisha aje hapa Ihembe, aulize kwa Rwegasira, karani mstaafu, ndiye mimi.

Gari lenyewe ni la mwaka 1993. Mvua ikinyesha nje, ndani inanyesha zaidi. Miguuni kwa abiria palikuwa na bwawa. Ningepanda mpunga, ningevuna.

Mke wangu, Placidia, akaja. Akamtazama chura, akanitazama mimi.

"Baba Mackrine, Jumamosi ni harusi Kamuli. Nikifika na miguu imelowa, Jumatatu gari hili linauzwa, tunanunua ng'ombe."

Placidia hatanii. Pikipiki yangu iliondoka hivyohivyo.

Na si kwamba nilikuwa nimekaa tu. Mwezi uliopita nililipeleka kwa Hategekimana, fundi wa hapahapa kwetu. Akabadilisha raba za milango, akapaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele. Maji yakaendelea kuingia kama yamealikwa.

Basi nikamtangaza.

Jumapili baada ya misa, mbele ya wanajumuiya, nilisema Hategekimana ni tapeli, arudi kuchonga mipini ya majembe. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Nikasikia wateja wawili wameondoa magari yao kwake. Nikajiona mtetezi wa wanyonge.

Sasa kwa hofu ya ng'ombe, nikaamua kulitengeneza mwenyewe. Ufundi nimejifundisha. Chuo changu ni simu na ukaidi.

Nikatoa siti, nikang'oa kapeti. Harufu iliyotoka hapo ilimhamisha hata chura.

Bati lilipokauka, nikanyunyiza unga wa muhogo sakafuni ili maji yakipita yaache njia. Nikalala chali, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Placidia akasimama nje na ndoo. Nilimwambia aanzie chini, apande taratibu.

Mlangoni, pakavu. Kwenye kioo, pakavu.

Alipomimina kwenye waipa, maji yakanishukia usoni kupitia tundu la feni. Nikapiga kelele aache.

Alimalizia ndoo nzima. Nadhani alinisikia vizuri tu.

Tukafungua kile kifuniko cha plastiki kilicho chini ya waipa, kilichovunjikavunjika. Pale kuna vitundu viwili vya kupitisha maji ya mvua yamwagike chini. Havikuonekana. Vilizibwa na kahawa ya maganda, karibu debe zima. Punje tatu zilishaota, miche mizuri kabisa ya kupeleka kitaluni.

"Kahawa ya nani hii?" Placidia akauliza.

Nikasema labda ni ndege.

"Ndege gani anayeanika?"

Nikageuka kuangalia boneti. Wenzangu huanika kahawa chini kwenye turubai. Mimi kwa ujanja wangu huanika kwenye boneti, maana bati linapata moto na kuku hawafiki. Na kwa kuwa kwangu ni mteremko, gari naliegesha pua juu, kahawa inaserereka mpaka kwenye waipa. Msimu mzima nilikuwa naliziba gari langu kwa mikono yangu.

Nikasafisha. Tukamwaga ndoo tatu nyingine, unga ukabaki mkavu.

"Gari limepona," akasema Placidia. "Lakini litabaki hapa ukimsafisha Hategekimana palepale ulipomchafulia jina."

Jumamosi mvua ilitupiga kutoka Ihembe mpaka Kamuli. Placidia akashuka na viatu vikavu. Hakusema asante.

Jumapili baada ya misa nikasimama. Nikasema yote, hata miche. Walicheka kuliko mara ya kwanza, na safari hii kicheko chao sikukipenda.

Hategekimana akanisogelea, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote.

"Mzee, siku ya kwanza nilikuambia tufungue chini ya waipa. Ukasema nisikufundishe gari lako, nibadilishe raba."

Ni kweli. Hilo nilipitiwa kuwaandikia hapo juu.

Gari lipo. Ufunguo anautunza Placidia, nikitaka kwenda mjini naomba.

Wenzangu wenye magari ya kale, mvua ikinyesha ndani safisheni kwanza chini ya waipa, halafu mmwage maji mkianzia chini. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kurudisha jina la mtu ni kazi ndefu zaidi. Wale wateja wawili mpaka leo hawajarudi kwake.