Mapacha wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu, mke wa mwanangu mdogo, ni mbishi, na leo namsifu kwa ubishi huo huo. Anatengeneza video za harusi kwenye chumba cha nyuma, na Ijumaa ile mama wa bibi harusi alikuwa anakuja jioni kutazama ya bintiye. Sasa picha zinakwama. Bwana harusi anainua kipande cha keki, mkono unaganda hewani. Mwanangu mkubwa, mwenye studio mkwe wangu alikoajiriwa zamani, alishampigia: ikishindikana, arudi tu kazini kwake Jumatatu. Huko hata jina hakuwa nalo, alikuwa "wewe binti."

Alikuwa amenunua RAM mpya, vile vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, viwili vya kufanana. Boksi linasema mwendo wake ni 3200, kompyuta inasema 2400. Akiilazimisha mwendo wa boksi, inazima, inawaka, inarudi kule kule.

Akampigia muuzaji.

"Dada, namba za kwenye boksi ni mbwembwe tu," akasema yule. "Kwani mapacha umewaweka wote wawili?"

"Wote, wamekaa pamoja."

"Basi ndiyo hivyo."

Akakata simu, akashika bisibisi. "Mimi sikununua mbwembwe," akaniambia. Nikamwambia, mwanangu, njoo ule kwanza. Wapi! Akavichomoa, akavifuta, akavirudisha. 2400. Nilimwonea huruma mpaka huruma ikanitia hasira.

Mwishowe akaja mezani. Wajukuu zangu mapacha, waume zangu wale, walikuwa wamekaa bega kwa bega, na kama kawaida yao wakaanza kupigana viwiko. Chai ikamwagika yote.

"Wewe huku, wewe kule, kiti kimoja katikati," mama yao akafoka. Halafu akakikodolea macho kile kiti cha katikati, kijiko mkononi.

"Mama," akaniuliza, "nani aliniambia mapacha lazima wakae pamoja?"

Hakuna aliyemwambia. Neno la dukani tu, "mapacha," ndilo lililomponza. Akaenda kuvitenganisha vile vipande, akaacha nafasi moja wazi katikati, akaweka tena mwendo wa boksi. Mimi nimeshikilia mlango kama nyumba inataka kuanguka. Kompyuta ikawaka: 3200.

Jioni mama wa bibi harusi alilia pale keki ilipofika mdomoni, akaagiza na video ya harusi ya binti yake mdogo. Wakiwa bado wanaongea simu ikaita, nikapokea mimi. Alikuwa mwanangu mkubwa.

"Mama, vipi, yule binti anakuja Jumatatu?"

"Nani?" nikauliza, nikangoja mpaka amtaje kwa jina.