Vidonge vya Watoto Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Newala, nilikabidhiwa ndoo na dekio. Nilikuwa mhudumu wa wodi, nimeishia darasa la saba. Kabla ya mchana matroni akaniita wodi ya watoto. Bibi mmoja alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani pamoja na mjukuu wake, na hakujua ila Kimakonde.

"Mweleze dawa," matroni akasema. "Kisha arudishe maneno. Asiporudisha, haondoki."

Hiyo ikawa kazi yangu hadi nastaafu, na wagonjwa wakaniita nesi. Kurudisha maneno maana yake anayeuguza anaeleza mwenyewe dawa ni ya nini, kiasi gani, wakati gani, hadi lini. Kwa wasiosoma tulichora kwenye bahasha ya dawa: jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku.

Baadaye nilihamishiwa Masasi. Huko nilikutana na Mama Saidi, mkulima wa korosho wa upande wa Chiungutwa. Mwanawe alikuwa na kifafa, ameangukia moto na kuungua mkono. Alipoanzishiwa vidonge, kuanguka kukakoma. Siku ya kuruhusiwa nikamketisha mama yake.

"Kimoja asubuhi, kimoja usiku," akasema. "Nisiruke, hata nikimwona mzima. Vikikaribia kwisha, nije."

"Rudia."

"Ee, nesi! Umekuwa mwalimu wa madrasa? Nikikosea utanichapa?"

Tukacheka. Sijapata kumfundisha mtu akashika vile.

Alirudi msimu wa korosho. Saidi alikuwa kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mjomba wake, kifafa kinamshika mfululizo bila yeye kuzinduka. Daktari alihangaika naye. Jioni haikumkuta.

"Sikuruka hata siku moja, nesi," mama yake akaniambia. Alikuwa bado hajalia.

"Ulimpa asubuhi na usiku?"

"Cha asubuhi cha Saidi. Cha usiku cha Hawa."

Hawa ni mtoto wa mdogo wake. Naye alikuwa akianguka. Kwetu huku mtoto wa ndugu yako wa kike ni wako, wala hakuna anayeuliza alitoka tumbo gani.

"Mbona hukumleta?"

"Nimlete aambiwe nini? Yote uliyoniambia nilimfundisha mdogo wangu, akayarudisha."

Nilimwendea daktari mfawidhi. Nikamwomba tuwe tunamuuliza kila anayeruhusiwa kama nyumbani yupo mwingine mwenye ugonjwa huo.

"Uliza, mama," akasema. "Lakini wakija wote, nitawapa nini?"

Kabati la dawa lilikuwa wazi nyuma yake. Rafu za juu hazikuwa na kitu.

Niliuliza hadi siku yangu ya mwisho. Wengine walisema kweli. Wengine waliinamisha uso, maana kifafa hufichwa, nami niliwaona wakitoka getini na bahasha zao nikajua.

Ninyi mnaoanza kazi hii, nilitaka kuwaachia neno la kuwatia nguvu. Nimelitafuta, sinalo. Fundisheni tu, na mjue kwamba mtu anaweza kushika kila neno na bado akamzika mwanawe.

Siku hizi nikienda hospitali kupima presha, humkuta Mama Saidi dirisha la dawa, amemleta Hawa, ambaye sasa ni msichana mrefu. Hupokea bahasha na kurudisha maneno kabla hajaulizwa. Kimoja asubuhi, kimoja usiku.

Vyote vya Hawa.