Nundu Iliyosagwa Ndani ya Hesabu

Mokami wa Bomani, Tarime mjini, alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na alikuwa amechoka mpaka kope. Zamani aliwatengenezea wafugaji wa Kemambo programu ya simu: unampima ng'ombe kifua kwa futi, unapima na urefu wake, simu inakupa uzito, na uzito ndio unaosema dawa iwe kiasi gani. Kanuni yake aliifupisha, akaifupisha tena, ikabaki mstari mmoja wenye namba moja ndefu katikati. Maelezo hakuandika hata neno.

"Namba inajieleza," alijisifu siku hizo.

Sasa maksai wa baba yake mdogo, mzee Waitara, yule anayetangulia kwenye jembe, alikuwa amelala kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Sindano ya kwanza haikumwinua. Gasto, bwana mifugo mgeni kutoka Bukoba, akapiga simu kutoka zizini.

"Dada Mokami, simu inasema huyu ni mdogo kama mtamba. Mimi naona mlima umelala hapa! Nimchome kwa uzito gani?"

Nyuma yake Waitara akadakia, "Mtu wa ndizi huyo! Atauonea wapi mlima wa ng'ombe? Mokami, maksai akifa nitakufunga wewe kwenye jembe!"

"Shikamoo, baba mdogo," akasema Mokami, akafungua kompyuta.

Akaitazama namba yake. Hakukumbuka ilikotoka. Ukishasaga mtama na muhogo pamoja, nani atakuchambulia unga? Akaigawanya, akaigeuza, shingo inauma, chai imeshika utando.

"Futi umeipitisha wapi?" akauliza mwishowe.

"Nyuma ya nundu, ndivyo inavyotakiwa. Wazee wa hapa walikuwa wanaipitisha juu yake, nikawakataza."

"Nundu ndiyo ng'ombe mwenyewe," Waitara akanung'unika. "Utaachaje kuipima?"

Mokami akafumba macho. Naam. Zamani aliwaona wazee wakipitisha futi juu ya nundu, akaipunguza humo humo ndani ya kanuni, kisha akaisaga na mengine yote. Gasto kapima sawasawa, lakini simu ilikuwa ikitoa nundu ambayo haikupimwa, na dawa ikapungua.

Akakokotoa kwa mkono, akamtajia Gasto uzito. Mwili ulitaka kitanda, lakini akaivunja ile namba. Yale ya hesabu tupu, yasiyobadilika hata apime nani, akayaacha yamefupishwa. Nundu akaipa mstari wake na jina lake, na juu yake akaandika: "Toa hii kama futi imepita juu ya nundu. Ikipita nyuma, usitoe." Programu ikarefuka, ule urembo wake ukaisha. Hakuwa na nguvu ya kuusikitikia.

Keshokutwa yake Waitara akapiga. "Amesimama! Miguu inamtetemeka kama mlevi, ila amesimama. Mtu wa ndizi nimempa maziwa. Na wewe, umelala?"

"Bado, baba. Ziko programu nyingine nilizozisaga vile vile."